Unene na alama za epijenetiki: jinsi ya kuufanya utafiti huu Lamu

Mwongozo huu nimemwandikia mwanafunzi wa chuo, muuguzi, afisa wa kliniki au mtu wa maabara anayetaka kuchunguza uhusiano wa unene na alama za epijenetiki kwa watu wa Lamu, kuanzia Langoni na Mkomani hadi Faza na Kizingitini. Tafiti nyingi kubwa za fani hii zimefanywa Ulaya na Marekani, na vijana wetu wakizisoma hudhani kinachokosekana kwetu ni pesa za mashine. Kwangu mimi mashine ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kujua kipi kilitangulia, unene au alama, na jambo hilo huamuliwa kwenye mpango wa utafiti, kabla hujatoa damu ya mtu wa kwanza.

Tuanze na alama zenyewe. Karibu kila seli ya mwili ina DNA ileile, lakini seli ya ini haifanyi kazi ya seli ya ubongo. Kinachozitofautisha ni alama zilizowekwa juu ya DNA, na juu ya protini ziitwazo histoni ambazo DNA imejiviringisha kwazo. Aliyepita madrasa ataelewa upesi: herufi ni zilezile, irabu ndizo zinazoamua zisomwe vipi. Alama inayopimwa zaidi ni methili, kikundi kidogo cha kaboni moja na haidrojeni tatu kinachopachikwa kwenye herufi C ya DNA, hasa pale C inapofuatwa na G. Sehemu hizo huitwa CpG, na jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina takriban milioni 28. Methili zikijaa kwenye mlango wa jeni, mara nyingi jeni hiyo hunyamaza.

Hatua ya kwanza: amua swali, na uliweke kwenye mpangilio wa wakati

Hapa kaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kuhusu jeni iitwayo HIF3A. Kila kiwango cha methili, kwenye kipimo cha 0 hadi 1, kilipopanda kwa 0.1 kwenye sehemu moja ya jeni hiyo, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ilikuwa juu kwa asilimia 3.6. Wengi walishangilia kwamba chanzo cha unene kimepatikana. Lakini watafiti hao hao walikuwa wametazama tofauti za kurithi zinazobadilisha methili mahali hapo, na hawakuona zikienda na BMI. Kama methili ndiyo chanzo, tofauti hizo zingekwenda na BMI pia. Yaani ilielekea kwamba unene ndio uliobadilisha methili. Mwaka 2017 ukaja utafiti mwingine kwenye jarida la Nature, wenye sampuli 10,261. Ulipata sehemu 187 za jenomu ambazo methili yake inakwenda sambamba na BMI, na uchambuzi wa kijenetiki ukaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa mabadiliko hayo ni matokeo ya mafuta mwilini, si chanzo chake. Hata hivyo yana maana, kwa sababu alama hizo zilisaidia kubashiri nani atapata kisukari cha aina ya pili baadaye.

Kwa hiyo ukienda Langoni ukapima watu wanene na wembamba siku moja, ukachukua damu siku hiyohiyo, utapata tofauti za methili. Utazipata tu. Lakini hutaweza kusema lolote kuhusu chanzo, na ni bora ulijue hilo sasa kuliko kuulizwa na msimamizi wako siku ya kutetea kazi.

Upande wa pili kuna ushahidi kwamba alama nyingine huwekwa mapema sana, mimba inapotungwa. Watu ambao mama zao walishika mimba wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945 walipimwa karibu miaka sitini baadaye, na jeni yao ya IGF2, inayohusika na ukuaji, ilikuwa na methili pungufu kuliko ya ndugu zao ambao hawakupitia njaa ile. Nchini Gambia, watoto waliotungwa mimba msimu wa mvua walitofautiana na wa kiangazi katika methili ya sehemu fulani za DNA, na tofauti hiyo ilihusishwa na virutubishi vilivyokuwa kwenye damu ya mama siku zile. Folati na vitamini B12 ni miongoni mwa vinavyohitajika ili mwili utengeneze methili.

Mtu wa Lamu akisoma habari ya Gambia ni lazima afikirie misimu yake mwenyewe. Wakati wa kusi bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba kama zinavyotoka wakati wa kaskazi, na samaki hupungua sokoni na bei hupanda. Je, mtoto aliyetungwa mimba katikati ya kusi hutofautiana na wa kaskazi? Swali hili ni letu, linaulizika, na damu ya kitovu inaweza kulijibu. Ningekuwa mwanafunzi leo, ningelichukua.

Chagua basi mojawapo ya njia hizi. Ya kwanza, kusanya damu ya kitovu hospitalini, kisha fuatilia uzito wa watoto kwa miaka. Hapo alama imetangulia unene na hakuna ubishi kuhusu mpangilio. Ya pili, pima watu wazima walewale mara mbili, mwaka mmoja au zaidi ukipita katikati, uone kama methili ya mwanzo inabashiri mabadiliko ya uzito au uzito wa mwanzo ndio unaobashiri mabadiliko ya methili. Ya tatu, tumia tofauti za kurithi kama walivyofanya wale wa 2014 na 2017, lakini hiyo hutaka maelfu ya watu na ushirikiano na taasisi kubwa. Ukiwa na mwaka mmoja tu na pesa kidogo, fanya kipimo cha siku moja, lakini kiandike hivyo: uhusiano, basi.

Hatua ya pili: ruhusa

Unahitaji idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na barua ya idara ya afya ya kaunti. Kama sampuli zitatoka nje ya nchi, kuna mkataba wa kuhamisha sampuli pia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za kijenetiki kwenye fungu la data nyeti, kwa hiyo majina yakae mbali na namba za sampuli, kwenye faili tofauti yenye nywila, na ufunguo wa kuyaunganisha uwe na mtu mmoja anayejulikana. Anza mapema, makaratasi haya hula miezi.

Ruhusa ya karatasi haitoshi. Nenda kwa wazee wa mtaa, zungumza na imamu, kaa barazani ueleze unachotaka, na ueleze kwa lugha inayosemwa nyumbani. Fomu ya ridhaa iliyotafsiriwa Nairobi kwa Kiswahili cha ofisini humpita mama wa Siyu. Isomee watu wachache kwa sauti kabla ya kuichapisha, na kila mahali wanapokunja uso, andika upya.

Swali litakalokuja kila nyumba ni la damu. Mfunze msaidizi wako alijibu kwa ukweli, hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo damu yangu mwaipeleka wapi?"

"Bibi, leo yaenda maabara ya hospitali hapa hapa, wahesabu chembe zake. Kisha yatolewa kile kitu cha ndani kinachorithiwa, chahifadhiwa kwenye friza, na baadaye chasomwa kwa mashine. Jina lako haliendi nacho. Ukibadili nia, waniambia, twaitupa."

"Na mimi nitapata nini?"

"Leo hii wapata presha yako na sukari yako. Ile ya mashine haitakupa dawa wala kukuonyesha ugonjwa, bibi. Hiyo ni ya kujifunza."

Jibu la mwisho lina uzito kuliko yote. Usimwahidi mtu kwamba kipimo cha methili kitamwambia kama atanenepa, maana hakitamwambia.

Hatua ya tatu: nani aingie

Kwa Kenya nzima, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Kwa hiyo kupata washiriki wanene si kazi. Kazi ni kupata wembamba wanaolingana nao kwa umri, jinsia na mtaa. Ukichukua wanene wote Mkomani na wembamba wote Kipungani, utakuwa umelinganisha mitaa miwili, si miili.

Wajawazito waweke kando, na waliojifungua wangojee arobaini ipite na zaidi, kwa sababu uzito na damu vyote bado vinabadilika. Mwenye homa au ugonjwa wa siku zile umrudie akipona. Uliza pia undugu. Katika visiwa hivi watu wanaoana ndani ya koo, na ukichukua binamu sita wa nyumba tatu ukawahesabu kama wageni wasiohusiana, hesabu zako zitakudanganya. Chora ukoo kwa kila mshiriki, angalau hadi babu na bibi, ili uweze kuingiza undugu kwenye uchambuzi.

Kalenda nayo itazame. Usichukue vipimo Ramadhani wala siku za mwanzo za Shawwal, wala wakati wa Maulidi ambapo mji hujaa wageni na milo hubadilika. Saa za kula, usingizi na uzito vyote huhama, na damu ya mfungo wa usiku haiwezi kulinganishwa na ya mtu aliyekula daku.

Hatua ya nne: kuupima mwili

Nimeona tafiti zilizotumia pesa nyingi kwenye chipu za DNA, yaani vibao vidogo vya kusomea alama, huku mizani yenyewe imewekwa juu ya mkeka. Kipimo cha mwili ndicho upande wa pili wa mlinganyo wako. Kikiyumba, hakuna chipu itakayokiokoa.

Sakafu za nyumba nyingi za mji wa kale ni za chokaa, zimelala upande, na kuta za mawe ya matumbawe hazikunyooka. Beba ubao mgumu wa kuweka mizani juu yake na pima maji ya fundi. Weka ubao, weka pima maji, chomeka vipande vya mbao chini mpaka kitone kikae katikati, kisha ndipo uweke mizani. Fanya hivyo kila nyumba, hata kama jana ulikuwa nyumba ya jirani. Kila asubuhi jaribu mizani kwa uzito unaoujua, kama dumu la maji ulilolipima hospitalini. Kipimo cha urefu kiwe cha kusimama chenyewe, usiegemee ukuta.

Wanawake wapimwe na wanawake, chumbani, mlango umefungwa. Buibui livuliwe, mama atapimwa na leso au dera jepesi. Asiyetaka kuvua, pima buibui linalofanana nalo ukatoe uzito wake, na uandike kwamba ulifanya hivyo. Bangili za dhahabu, mkufu na simu viwekwe pembeni. Kwenye urefu angalia nywele zilizofungwa juu chini ya mtandio: sentimita mbili za kifundo cha nywele hubadilisha BMI. Hesabu ni uzito kwa kilo ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mama wa kilo 78 na urefu wa mita 1.58 ana BMI ya 31.2, na kuanzia 30 ndipo Shirika la Afya Duniani linapoita unene.

BMI peke yake haikutoshi. Haijui kama uzito ni wa misuli ya nahodha au mafuta ya tumbo la mwenye duka. Pima kiuno: tafuta ubavu wa mwisho, tafuta ncha ya mfupa wa nyonga, weka alama katikati yake, zungusha futi pale mtu akiwa amemaliza kutoa pumzi kwa kawaida. Juu ya ngozi, au juu ya leso moja, si juu ya fundo la leso. Pima mara mbili. Vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, pima ya tatu. Msaidizi asimtajie mtu namba kwa sauti mbele ya wengine, na asitoe maoni. Kwetu mwanamke mwenye mwili husifiwa, lakini yupo anayeumia, na hujui ni yupi.

Hatua ya tano: maswali ya nyumbani

Sigara ndiyo ya kwanza, kwa sababu alama yake kwenye damu ni kubwa kuliko ya unene. Methili ya sehemu iitwayo cg05575921 kwenye jeni ya AHRR huteremka sana kwa wavutaji, na ukisahau kuuliza utaona alama za sigara ukazipa jina la unene. Uliza pia shisha, tambuu, tumbaku ya kutafuna na miraa, kwa faragha na bila hukumu. Uliza dawa zote anazotumia, pamoja na za uzazi wa mpango na za mitishamba.

Chakula kitakusumbua. Madodoso ya kigeni huuliza sahani ngapi na vikombe vingapi, wakati nyumba nyingi hapa hula sinia moja watu watano, na mtoto anachukua nyama aliyosogezewa na mama. Njia inayofaa ni kupima sinia kabla na baada, kuandika walaji na umri wao, kisha kumwuliza kila mmoja alikula nini nje ya sinia: mahamri na mbaazi za asubuhi, viazi karai vya jioni, kaimati, juisi yenye sukari, chai ngapi na sukari vijiko vingapi. Nje ya sinia ndiko tofauti za watu wa nyumba moja zinakoonekana. Wali wa nazi na samaki wa kupaka wote wamekula.

Uliza uzito wa kuzaliwa, na uone kijitabu cha kliniki kwa macho yako. Waliozaliwa nyumbani kwa mkunga hawana namba hiyo. Acha nafasi tupu, usikubali "alikuwa mkubwa tu" kugeuzwa kilo. Kama swali lako ni la kusi na kaskazi, tarehe ya kuzaliwa na umri wa mimba ndiyo moyo wa kazi, na akina mama wengi hukumbuka kwa mwezi wa Kiislamu. Beba jedwali la kubadilisha tarehe.

Hatua ya sita: damu na safari yake

Alama za methili hutofautiana kutoka kiungo hadi kiungo. Mafuta ya tumbo yangekuwa bora, lakini huwezi kumkata mtu mwenye afya kwa ajili ya tasnifu. Damu ndiyo itakayotumika, nawe utaandika waziwazi kwamba ulipima damu.

Chukua asubuhi, mtu akiwa hajala kwa saa nane au zaidi, kwa sababu ya sukari na lehemu. Methili yenyewe haidai mfungo. Tumia chupa mbili zenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, zile za kifuniko cha zambarau. Zipindue taratibu mara nane hadi kumi, usizitikise. Namba ibandikwe kabla damu haijaingia, na isomwe mbele ya mshiriki.

Chupa moja iende maabara siku hiyohiyo kwa hesabu kamili ya chembe za damu. Watafiti wengi huiruka, nami nakusihi usiiruke. Chembe nyeupe za damu ni mchanganyiko wa aina nyingi, kila aina ina methili zake, na mtu mnene huwa na mchanganyiko tofauti na mwembamba kwa sababu ya uvimbe wa ndani unaoletwa na mafuta. Unaweza ukadhani umegundua alama mpya kumbe umehesabu chembe. Tena Waafrika wengi huwa na neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, chache kiasili, kwa sababu ya umbile la kurithi linalohusiana na kinga ya malaria aina ya vivax, kwa hiyo makadirio yaliyotengenezwa kwa damu ya Wazungu yanahitaji kushindanishwa na hesabu yako halisi.

Chupa ya pili ikae kwenye kisanduku cha barafu, lakini kati yake na barafu weka kadibodi au taulo, maana ikigusana na barafu chembe hupasuka. Kutoka Kizingitini hadi Lamu mjini ni safari ya boti, na jua la saa sita mchana halina huruma. Sanduku likae kivulini, chini ya benchi, na ndani yake kuwe na kipimajoto cha kuandika joto la juu na la chini. Lenga nyuzi 4. Ikifika, igawe kwenye vichupa vidogo kabla ya kugandisha, ili baadaye usilazimike kuyeyusha yote kwa kutaka kidogo. Kwa muda mrefu inahitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na friza hiyo inataka jenereta. Kama huna uhakika wa umeme, toa DNA mapema. DNA safi huvumilia kuliko damu. Maabara kubwa iliyo karibu nasi ni ya mpango wa KEMRI-Wellcome Trust ulioanza Kilifi mwaka 1989. Waandikie wakati unapanga, si wakati damu iko kwenye boti.

Kwa visiwa vya mbali kuna njia nyingine, matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi maalumu. Methili husomeka humo. Kausha kadi kivulini, mbali na nzi na unyevu, kisha itie kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kukausha. Ila hesabu ya chembe hutaipata humo.

Hatua ya saba: maabara

Hii ni fupi, kwa kuwa wenye maabara wanaijua. DNA hutiwa bisulfaiti, kemikali inayobadilisha C isiyo na methili na kuiacha yenye methili kama ilivyo. Tofauti hiyo ndiyo inayosomwa. Kwa jenomu pana hutumika chipu za Illumina za EPIC, zinazosoma zaidi ya sehemu 850,000. Kwa sehemu chache ulizozichagua kuna pairosikwensi, njia ya kusoma sehemu moja moja ya DNA, na bei yake humfaa mwanafunzi. Mashine za nanopore, zinazopitisha uzi wa DNA kwenye tundu dogo sana, husoma methili moja kwa moja bila bisulfaiti.

Jambo moja ulisimamie mwenyewe: mpangilio wa sampuli. Chipu ya EPIC hubeba sampuli nane. Ukiweka wanene kwenye chipu hizi na wembamba kwenye zile, tofauti ya chipu itajifanya tofauti ya mwili, na hakuna hesabu ya kuzitenganisha tena. Wachanganye kwa bahati nasibu ya kompyuta, na sampuli za mtu mmoja za mwaka wa kwanza na wa pili zikae chipu moja.

Hatua ya nane: uchambuzi

Anza kujifunza kabla hujapata data yako. Programu ya R ni ya bure, na ndani yake kuna vifurushi vya kuchambua methili kama minfi. Kwenye hazina ya mtandaoni iitwayo GEO kuna data ya wazi. Ile yenye namba GSE42861 ina damu ya watu 689 na taarifa za uvutaji sigara. Ichambue mpaka uione AHRR ikijitokeza. Isipojitokeza, kuna kosa kwenye hatua zako, na umeligundua bure.

Kwenye data yako ondoa sehemu zilizosomeka vibaya, linganisha jinsia iliyoandikwa na inayoonyeshwa na kromosomu ya X, kisha sawazisha. Ondoa pia sehemu ambazo tofauti ya kurithi ya DNA hujifanya methili. Orodha nyingi za kuondoa zilitengenezwa kwa kutazama Wazungu, na Waafrika wana tofauti nyingi zaidi. Mradi wa jenomu 1000 uliwapima Waluhya wa Webuye. Orodha yao itakusaidia, ingawa si watu wa pwani. Mwaka 2023 jarida la Nature lilionyesha kwa DNA ya makaburi ya kale, yakiwemo ya Manda na Faza, kwamba Waswahili wa zamani walichanganya damu ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, na ya Kiajemi upande wa akina baba, kuanzia karibu mwaka 1000. Mchanganyiko huo unatofautiana kutoka ukoo hadi ukoo, kwa hiyo asili ya kijenetiki lazima iingie kwenye mlinganyo pamoja na umri, jinsia, sigara, chembe za damu, undugu na chipu.

Kisha hesabu ya bahati. Ukipima sehemu 850,000 kwa kipimo cha kawaida cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara tano kwa mia, utapata 42,500 za uongo hata kama hakuna kitu chochote. Kwa EPIC kizingiti kinachotumika sana ni takriban 0.00000009. Kwa watu mia moja au mia mbili karibu hakuna kitakachopita hapo, kwa sababu tofauti za methili zinazoletwa na unene ni ndogo, mara nyingi asilimia moja au mbili. Ndiyo maana namshauri mwanafunzi achague sehemu kumi ambazo tafiti kubwa zimeshazithibitisha, kama zile za jeni za HIF3A, CPT1A na ABCG1, azipime kwa kizingiti cha 0.005, aseme kama zinajitokeza pia kwa watu wa Lamu. Jibu la "hapana" nalo ni jibu, na lichapishwe.

Hatua ya tisa: kurudisha majibu

Presha na sukari mpe mtu siku hiyohiyo kwa karatasi. Mwenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi, au sukari ya mfungo ya 7.0 mmol/L au zaidi, mwandikie barua ya kwenda kliniki apimwe tena, na umpigie baada ya wiki mbili ujue kama alikwenda.

Majibu ya methili rudisha kwa mtaa mzima, barazani au kwenye ukumbi wa madrasa, na hapa chunga sana ulimi wako. Habari za njaa ya Uholanzi na misimu ya Gambia hugeuka haraka kuwa lawama: mama alikula nini, mama alifanya nini. Nimewasikia akina mama wakijiuliza hivyo kwa uchungu mbele ya watu. Waambie kwamba alama hizi ni tofauti ndogo zinazoonekana kwa kulinganisha makundi, kwamba mama hachagui msimu wala bei ya samaki, na kwamba nyingi huja baada ya unene. Waambie pia kwamba mazoezi ya miezi sita yameonekana kubadilisha methili kwenye mafuta ya mwili. Na usiwafiche upande mgumu: utafiti uliotoka mwaka 2024 ulionyesha kwamba seli za mafuta hubaki na kumbukumbu ya unene hata baada ya mtu kupungua, jambo linaloweza kusaidia kueleza kwa nini uzito hurudi. Aliyepungua kisha uzito ukamrudia anastahili kujua kwamba si uvivu tu.

Nakala ya jedwali la presha, sukari na viuno, bila majina, ipeleke idara ya afya ya kaunti mara tu unapomaliza kukusanya, hata kabla ya kugusa data ya methili. Wao wanaweza kuitumia kupanga kliniki za mwaka unaofuata.